Mbuzi wa Tatu

Beberu ananuka. Hilo halihitaji kusomewa shule. Akipita upande upepo unakotoka, hata mtu mwenye mafua anajua nani amepita. Ndiyo sababu Wayua, alipopiga magoti kwenye vumbi kando ya kalvati ya kupitishia maji chini ya barabara na kuuinua mguu wa mbele wa yule beberu mweupe, kilichomshangaza kwanza hakikuwa mfupa uliovunjika chini ya goti. Ilikuwa harufu. Beberu alinukia mvua.

Si mvua ile ya kunyesha wiki nzima mpaka watu wanachoka nayo. Ile ya kwanza, matone machache yakigonga vumbi lililokaa miezi mitano bila kuguswa na maji, na kila mtu anaacha alichokuwa akifanya na kutoka nje kusimama tu. Na hapo ilikuwa mwisho wa Julai, saa saba mchana, mbingu ya Kwa Vonza haina wingu hata la kusingizia.

Wayua alitazama juu, akatazama barabara. Dakika chache zilizopita lori la mbuzi lilikuwa limepita kwa kasi likitoka upande wa Kitui, na yeye akadhani beberu ameanguka kutoka humo. Nani angedhani vingine? Alikuwa na wilbaro yenye mitungi miwili ya maji na mtoto wake Mutindi, wa miaka mitano, akitembea nyuma ameshika leso yake. Akaishusha mitungi, akaificha kichakani, akampakia beberu. Mnyama mwenyewe alikuwa mkubwa, lakini ndani ya wilbaro alikuwa mwepesi kuliko ule mtungi mmoja. Wayua alisema moyoni kwamba ni njaa ya safari, akasukuma.

Nyumbani alifanya alivyofundishwa na marehemu mama yake. Alichonga mabanzi manne ya mkonge mkavu, akazungushia mguu kitambaa cha shuka kuukuu, akapanga mabanzi juu yake, akayafunga kwa vipande vya tyubu nyekundu ya baiskeli. Fundo lake lilikuwa fundo la mama yake, la kupita mara mbili na kurudisha ncha ndani, na hakuna mwingine aliyelijua katika kijiji kile. Lakini kabla ya kufunga ilibidi kuuvuta mfupa unyooke. Mbuzi ni mnyama wa kelele, bwana. Mbuzi hulia akinyeshewa, hulia akikosa mwenzake, hulia hata bila sababu. Wayua alivuta mpaka akasikia mfupa ukiingia mahali pake, na beberu hakutoa sauti. Alimtazama tu mikono yake inavyofanya kazi, kwa makini, kama mtu anayetaka kukumbuka.

Sasa nisimamishe hapo nieleze jambo la ntheo, maana wageni hawalielewi, na vijana wetu wanalifanyia mzaha mpaka siku mambo yanapowageukia. Ntheo ni mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja. Mwanamume huwapeleka nyumbani kwa baba ya msichana, beberu anachinjwa, pande zote mbili zinakula. Hapo ndipo ndoa ilipo. Bila hao mbuzi, mwaweza kuzaa watoto kumi na kujenga nyumba ya mawe na kuimba kwaya pamoja kanisani, lakini yule ni binti ya watu aliyekuja kutembea, na watoto ni wa babu yao. Mwenye mbuzi ndiye mwenye mke. Ndivyo tulivyokuta.

Kitheka, mume wa Wayua, alikuwa fundi wa mawe huko Malili, na alikuwa akirudi nyumbani kila Jumamosi mchana. Mtu mpole, mcheshi, ila wa kesho kesho. Miaka sita ameishi na Wayua na ntheo ni kesho. Mwishowe baba ya Wayua, mzee Mwau wa Kalamba, akachoka. Alituma ujumbe kwamba ikifika mwisho wa Agosti bila mbuzi watatu kufika kwake, atakuja mwenyewe kumchukua binti yake na mjukuu wake, na kesi asikilize atakayependa. Wayua alijua baba yake hasemi ovyo. Alijua pia kwamba Kitheka hangevumilia kumpoteza Mutindi, na yeye mwenyewe hangevumilia kumpoteza Kitheka, maana alimpenda, pamoja na kesho zake zote. Kitheka safari hii aliamka. Alipata majike wawili, akapata beberu. Halafu beberu akameza karatasi ya nailoni akafura tumbo akafa, wiki moja tu kabla ya Wayua kupita kwenye ile kalvati.

Kwa hiyo Kitheka alipofika Jumamosi akamkuta beberu mweupe amelala kivulini na mguu wake umefungwa vizuri, hakuuliza habari nyingi. Alicheka peke yake. Wayua alimwambia mnyama ana mwenyewe, na kwamba lori lile bila shaka ni la Abdisalam, mfanyabiashara wa mifugo anayejulikana na kila mtu sokoni Kwa Vonza, basi aende amuulize. Kitheka akaenda sokoni. Alirudi jioni akasema amezungumza na Abdisalam, na Abdisalam amesema mbuzi aliyevunjika ni mbuzi aliyekufa, wakae naye. Wayua alishusha pumzi. Aliamini kwa sababu alitaka kuamini, na hapo simlaumu.

Siku zilizofuata alimtunza yule beberu kuliko alivyowahi kutunza mnyama. Kila asubuhi alilegeza tyubu, akaosha mguu kwa maji ya chumvi, akafunga tena. Alimletea maganda ya migunga na maji yaliyooshea mchele. Beberu hakula mbele yake hata siku moja. Angeacha sufuria imejaa, aende jikoni, arudi aikute tupu na kavu kabisa, imepanguswa. Majike wawili wa Kitheka waliokuwa zizini humo walikaa kona ya mbali, wamebanana, na usiku walikataa kulala.

Halafu kikaja kile kikohozi. Kilikuja saa saba mchana, jua likiwa kali, wakati watu wote wako ndani au chini ya kivuli na hata kuku wamenyamaza. Wayua alikuwa akichambua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, mlangoni. Nyuma ya nyumba mtu alikohoa, mara moja, kwa adabu, vile mwanamume anavyokohoa akikaribia boma la watu ili wasije wakashtuka. Wayua alisema karibu. Hakuna aliyejitokeza. Alizunguka nyumba akakuta zizi tu, na beberu amesimama kwa miguu yote minne akitazama kona ambayo yeye angetokea, na ile harufu ya mvua ilikuwa nzito mpaka ulimi wake ukahisi udongo.

Kesho yake saa saba, tena. Kesho kutwa, tena.

Siku ya tisa alikuta mabanzi yamefunguliwa. Hayakutafunwa wala kukatwa. Yalipangwa juu ya jiwe, moja kando ya jingine, kitambaa kimekunjwa, na tyubu imeviringishwa. Mguu ulikuwa umepona bila kovu. Mfupa wa mbuzi huchukua mwezi, mwezi na nusu, kila mfugaji anajua. Wayua alitazama chini. Vumbi la zizi lilikuwa laini, na alama zilikuwa wazi. Palikuwa na kwato tatu. Mahali pa mguu wa nne, ule aliouosha na kuufunga kwa mikono yake, palikuwa na unyayo wa mtu mzima, vidole vitano.

Hapa ndipo ninapokasirika na Wayua, na mwenyewe anajua. Angepiga kelele. Angemfungulia yule kitu mlango aende zake. Lakini zilibaki wiki tatu na siku kadhaa tu Agosti iishe. Alisimama pale akamfikiria Mutindi akipandishwa gari la babu yake. Akachukua ufagio. Alifagia zizi lote, akaenda akatupa mabanzi na tyubu katika shimo la choo, na Kitheka alipopiga simu jioni kuuliza hali ya mgonjwa, akamwambia amepona.

Ntheo ilipelekwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kitheka alikodi pikapu, akaja na mjomba wake Musyoka wa kumsemea, kama inavyotakiwa. Wazee wa Kalamba walikuwa wameketi, wanawake wamewasha moto, watoto wanakimbiakimbia. Beberu alishuka mwenyewe kutoka kwenye pikapu, akatembea bila kuchechemea mpaka katikati ya uwanja, akasimama. Wazee walimsifu. Mmoja alisema huyu amelishwa wapi ukame huu wote.

Mzee Mwau alikuwa mtu wa kufuata mambo kwa mpango. Alizunguka mbuzi wote watatu, akawapapasa migongo, kisha akasimama mbele ya mkwe wake na kuuliza swali linaloulizwa katika nyumba yake tangu enzi za babu yake.

"Mbuzi hawa waliokuja kumchukua binti yangu, ni wa nani?"

Kitheka alifungua kinywa. Wayua alikuwa amesimama na wanawake, hatua chache tu, na alimwona. Alimwona akifungua kinywa na neno likamkwama, macho yakashuka chini kama ya mtoto aliyeiba sukari. Na katika kile kimya kidogo sauti ikajibu. Ilikuwa nzito kidogo, yenye mikwaruzo, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuongea.

"Ni wangu."

Wazee walipiga makofi. Wote walidhani ni Kitheka. Kitheka mwenyewe aligeuka haraka kumtazama mjomba wake, na mjomba alikuwa akimtazama yeye, anatabasamu, anamtikisia kichwa kumpongeza. Wayua alikuwa akimtazama beberu. Beberu alichinjwa na hakulia. Nyama yake, waliokula wanasema, ilikuwa laini na tamu kupita kiasi, na wakati wa kuila watu walikuwa wakisimama kila mara kutazama angani. Mzee Mwau alikula mguu wa mbele wote peke yake. Wayua hakula, alisema tumbo linamsumbua.

Kuanzia wiki ile nyumba ya Kwa Vonza haikuwa tena na raha. Mbwa wao, Polisi, aliyelelewa na Kitheka mwenyewe tangu akiwa kitoto kisichofungua macho, alimbwekea Kitheka langoni Jumamosi iliyofuata kama anambwekea mwizi, na ilibidi Wayua ashike mnyororo ndipo mwenye boma apite. Mlango uliofunguka kwa kila mtu ulikwama kwa Kitheka. Kiti chake, alipotaka kukikalia, kilikuwa na joto. Wayua alijikuta akimimina vikombe viwili vya chai siku za katikati ya wiki, wakati Kitheka yuko Malili, na akirudi kutoka kuwasha moto anakuta kimoja kimenywewa nusu. Akiita nje Mutindi aje ale, alisikia mtoto anamwambia mtu aliye nyuma ya nyumba kwamba mama anaita chakula. Alipomuuliza alikuwa anaongea na nani, Mutindi alimshangaa. Alisema ni yule mwenye mguu.

Wayua hakulala vizuri tena. Mchana alifanya kazi akiwa ameegemeza mgongo ukutani. Ikikaribia saa saba alikuwa anatafuta sababu ya kwenda kwa jirani, kuomba chumvi, kurudisha ungo, chochote, na majirani wakaanza kusema huyu mama siku hizi hatulii.

Jumamosi ya tatu Kitheka alifika saa saba kasoro. Polisi alibweka, Wayua alikuwa jikoni nje, moshi machoni, na kabla hajatoka kumshika mbwa alimsikia mume wake amepita mwenyewe, amefika mlango wa nyumba kubwa, na kwa kuwa mlango ulikuwa umekwama tena akagonga, akabisha hodi kwa utani, mtu anabisha hodi kwake mwenyewe, na kutoka ndani ya nyumba ile ambayo Wayua alikuwa ameifagia dakika chache zilizopita na kuiacha tupu, akijua haina mtu, ameangalia hata chini ya kitanda kama alivyozoea kuangalia siku hizo, sauti ile ya mikwaruzo, ile ya uwanja wa Kalamba, ikajibu taratibu bila hasira yoyote, kama mwenye nyumba anayekaribisha watu kila siku.

"Karibu, mgeni."

Kitheka alirudi nyuma mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Wayua alimkuta hapo, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimwona akilia. Akachuchumaa kando yake. Kitheka alisema mwenyewe bila kuulizwa, kwa sauti ya chini kabisa, macho yake mlangoni.

"Sikumwuliza Abdisalam. Sikwenda kwake. Nilikaa sokoni, nikarudi."

Na Wayua naye akamwambia habari za unyayo. Walikaa pale vumbini, wamevuliana uongo wao, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumlaumu mwenzake.

Walianza kanisani, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya. Pasta Jonah alikuja na akina mama wanne, wakaomba vyumba vyote mpaka sauti zikakauka, na kweli siku tatu zikawa tulivu. Siku ya nne, saa saba, kikohozi. Pasta alipopigiwa simu alisema wataongeza kufunga, na kufunga kukaongezwa.

Ndipo Kitheka akapiga moyo konde, akamchukua Wayua wakaenda kwa Abdisalam. Walimkuta karibu na zizi la soko, anakunywa chai ya maziwa, mtu wa makamo, mtaratibu. Kitheka alianza kuomba msamaha kwa mbuzi wake aliyeliwa bila ruhusa. Abdisalam alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza Wayua ni kalvati ipi. Alipotajiwa, aliweka kikombe chini.

"Mama, mimi siku hiyo nilibeba majike na kondoo. Beberu hakukuwa. Na wote walifika."

Aliwaambia kwamba madereva wake hawasimami mahali pale saa za adhuhuri, hata gurudumu likitoboka wanalisukuma hivyo hivyo mpaka kilimani. Alisema yeye si sheikh wala si mganga, asimdanganye mtu, ila kwao huwa wanasema waziwazi kwamba lile ni jini, na jini aliyetendewa wema hasahau. Wayua alipomweleza habari ya ntheo, jinsi beberu alivyopelekwa na swali lililoulizwa na jibu lililotoka, Abdisalam alimwaga chai iliyobaki. Kisha alimtazama Kitheka kwa huruma, akamwambia mali ya mtu hurudishwa pale ilipookotwa. Kitheka alisema imeliwa. Basi mpelekeeni mwingine, alisema Abdisalam, na akawachagulia mwenyewe beberu mweupe, mzima, kutoka katika kundi lake, akasema malipo watazungumza siku nyingine.

Lilikuwa wazo zuri, na lilikuwa la kwetu pia. Ndoa ya kwetu ikivunjika mbuzi hurudishwa. Walimpeleka kwenye kalvati adhuhuri, wakamfunga kwenye chuma cha ukingo. Wayua ndiye aliyesema, maana ndiye aliyeolewa. Alisema kwa Kikamba kwamba ntheo yako hii hapa, tumekurudishia, mimi si mkeo na mtoto wangu si wako. Wakaondoka bila kugeuka.

Jioni ile Polisi alimlamba Kitheka mkono. Mlango ulifunguka kwa kusukumwa na kidole. Kitheka alikaa kwenye kiti chake na kiti kilikuwa baridi, akamwita Wayua aje akiguse, wakacheka mpaka Mutindi akaja kuwauliza wanacheka nini. Wayua alilala usingizi mzito kama mtu aliyekunywa dawa. Sijui kama amewahi kuwa na furaha kama ile, na nasikitika kwamba lazima niendelee.

Kesho yake saa saba mchana Wayua alikuwa akianika nguo. Aliisikia harufu kabla hajasikia kitu kingine. Akageuka, shuka mbichi mkononi, na langoni, kwa miguu mitatu, bila sauti, akaingia yule beberu wa Abdisalam. Kamba waliyomfungia ilikuwa imefunguliwa na kuviringishwa vizuri shingoni mwake. Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika chini ya goti, pale pale, upande ule ule, na aliubeba ukining'inia mpaka akafika mbele ya Wayua, akasimama, akauinua kumpa. Akangoja.

Kitheka alitoka ndani akaona. Polisi alimbwekea.

"Amekataa kurudishiwa," alisema Kitheka.

Wayua mikono ilikuwa inamwasha, na hili aliniambia kwa aibu. Mikono yake ilitaka kuufunga ule mguu. Aliishika shuka kwa nguvu mpaka maji yakatoka.

Waliongea haraka, kwa kunong'ona, wamesimama nyuma ya jiko. Kitheka ndiye aliyeona njia. Alisema mimi nilikuoa kwa mbuzi wa mtu, kwa hiyo si mimi niliyekuoa. Nenda kwa baba yako, wewe na Mutindi, leo hii. Pale ni kwenu, ulipozaliwa, na ukiwa chini ya paa la baba yako huna mume, si yeye, si mimi. Nitakuja na mbuzi watatu wangu wa haki, hata nikibeba mawe usiku na mchana. Akamshika mtoto wake kichwa, akamwangalia sana. Jambo walilokuwa wakilikimbia miaka sita ndilo lililobaki kuwa kimbilio, na Wayua alilishika kwa mikono miwili. Aliondoka na begi moja. Alipotazama nyuma, Kitheka alikuwa amesimama nje ya ua wa boma lake, na beberu ndani.

Walilala njiani kwa kukosa gari, na bodaboda iliwashusha Kalamba kesho yake kabla ya adhuhuri. Wayua alikata njia ya mashambani, Mutindi mgongoni, na kadiri alivyokaribia ndivyo kifua kilivyofunguka, akiona kisima cha baba, akiona bati la nyumba alimozaliwa, akiuona uwanja ule. Mzee Mwau alikuwa mlangoni. Alikuwa amekonda. Hakuja kumpokea mjukuu, yeye ambaye siku zote humrusha juu, alisimama tu ameshika mwimo wa mlango, na Wayua alipomfikia alisikia kwenye mikono ya baba yake ile harufu ya mvua, na mbingu ya Kalamba ilikuwa nyeupe kwa jua.

"Baba," alisema, "nimerudi nyumbani. Nifiche."

Mzee Mwau alitazama ndani, kisha akamtazama binti yake, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshindwa kesi. Alinong'ona.

"Amefika tangu asubuhi. Anasema amekuja kuchukua mke wake na mtoto wake."

Wayua alimshika shati. Alimwambia mfukuze, hapa ni kwako, wewe ndiye mzee hapa. Mwau alitikisa kichwa polepole, na machozi yakamshuka mbele ya mwanawe, jambo ambalo Wayua hakuwahi kuliona hata siku ya kumzika mama yake.

"Nilimwuliza mbele ya watu, mwanangu, akajibu. Mbuzi wake nikala. Nitamkatalia vipi?"

Mutindi alikuwa ameshateremka mgongoni. Alipita katikati ya babu na mama, akaingia ndani kwa furaha, vile mtoto anavyoingia mahali penye mtu anayemjua. Wayua akamfuata. Angefanya nini, ni mtoto wake. Ndani palikuwa na giza kidogo baada ya jua lile, na kwenye kiti cha mgeni, kile anachokalishwa mkwe, palikuwa na mtu ambaye uso wake hakuuona, kwa sababu macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mguu. Mguu ulinyooshwa mbele, juu ya kigoda, suruali imekunjwa mpaka gotini. Ulikuwa umefungwa mabanzi manne ya mkonge na tyubu nyekundu ya baiskeli, vitu vile vile alivyovitupa chooni mwenyewe, na fundo lilikuwa la mama yake, la kupita mara mbili na kurudisha ncha ndani. Mutindi alikuwa amechuchumaa kando yake, ameshika ncha moja.

"Fundo limelegea, Mama Mutindi," alisema yule mtu. "Nifungie."

Na mikono ya Wayua ikaanza kwenda.

Nje, majirani wa mzee Mwau walikuwa wametoka mmoja mmoja wakasimama uani kwao, nyuso juu, wakinusa, wakiulizana mvua inatoka upande gani.